Siki

Nesi Eulogia huhesabu hadi sitini
kwa Kikechua, bila haraka;
saa ya ukutani ilikufa tangu Machi.

Pamba. Siki. Harufu ya vitunguu vya Jumapili
ikajaa chumba kile cha Huancavelica,
na Saturnina, magoti juu, akacheka:
"Mwanangu, waniandaa kachumbari?"

Hamsini na tisa. Sitini.
Kisha tochi. Na pale, kwenye shingo ya kizazi
kilicholea saba,
doa jeupe, dogo kama ukucha wa kichanga.

Eulogia hakulitaja jina lile.
"Bado silo," alisema. "Linajifunza kuwa."

Mamaye Saturnina alingoja
hata damu ikaja kubisha yenyewe.
Alikwenda Lima ndani ya basi,
akarudi juu ya paa lake,
kati ya magunia ya viazi.

Mashine ina ncha ya moto, nyembamba.
Saturnina akauma shali.
Safari hii yeye ndiye aliyehesabu,
akaruka ishirini nzima.

"Imekwisha?"
"Mwakani uje. Tutatazama tena."

Akashuka, akakaza sketi zake tatu,
akainyoshea kidole chupa:
"Hiyo iliyobaki nipe.
Kwangu imeisha."