Shanga kwenye Simu

Alipokuwa na miaka mitatu, Kalunde
alimjibu baba yake kwenye simu kwa kichwa tu.
Mihayo yuko Usinge na genge la reli,
anauliza, "Umekula?" Binti anaitikia kwa kichwa.
"Umekula, mama?" Anaitikia tena, kwa nguvu,
mpaka shanga za nywele zinagongana,
na baba kule porini anasikia shanga tu,
kama mvua changa juu ya bati.
Anadhani mtandao umekatika.

Nilikuwa napiga pasi sare za watu.
Nikasema moyoni: huyu anadhani
nyumba nzima ina jozi moja ya macho,
tunaazimana kama ndoo ya kisimani.

Akijificha alifunika uso kwa khanga,
miguu nje, kitovu nje.
"Mama, nimepotea!"
Nami nikamtafuta, mvunguni, kwenye sufuria,
nikamuuliza hata kuku.

Msimu wa asali wifi yangu Nyanzala alifika kutoka Sikonge
na chupa moja, ya nyuki wadogo.
Akaiweka nyuma ya pipa la unga
akaenda msibani Ipuli.
Sisimizi hawana adabu. Nikaihamisha,
juu ya kabati, ndani ya bakuli la maji,
Kalunde akinishikia kiti.
"Shangazi akirudi ataitafuta wapi?"
"Kabatini."
"Lakini hakutuona tukiihamisha."
"Asali iko kabatini, mama."
Akanitazama kwa subira,
kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Masika yakaja, yakaondoka. Yakaja tena.
Meno mawili ya mbele yakalegea.
Chupa nyingine, pipa lile lile, swali lile lile,
maana mimi nami ni mkaidi.
Alifungua mdomo ajibu, akaufunga.
Kitu kikampitia usoni
kama kivuli cha mwewe kinavyopita uani
na vifaranga vikanyamaza.
"Nyuma ya pipa," akasema polepole.
Halafu: "Maskini. Atakuta hamna."

Maskini!
Neno lile nililibeba siku nzima,
nikaunguza kola ya mwalimu mkuu.

Wiki haikuisha, akanidanganya kwa mara ya kwanza.
Kidevu kinang'aa asali mpaka shingoni:
"Labda ni paka."
Hatujawahi kufuga paka.
Nilikaza uso, nikampa adhabu yake ya kuosha vikombe,
nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu,
kicheko kikanigeukia njiani, sijui kwa nini.
Amekwisha kujua kwamba kichwa changu kina mlango
na kwamba yeye yuko nje yake,
anabisha,
kama baba yake, kama mimi kwa mama yangu,
kama watu wote hapa Isevya
wanaosalimiana asubuhi "habari za nyumbani"
na kujibiwa "nzuri."

Jumapili simu ililia.
Mihayo, sauti yake na upepo wa Usinge:
"Mama yako hajambo?"
Nilikuwa nimekaa sakafuni na barua ya mwenye nyumba,
nimeikunja mara nne, ikakataa kuwa ndogo.
Kalunde akaniangalia macho,
akaiangalia karatasi, akaniangalia tena.
"Mama anakata vitunguu," akasema.

Hapakuwa na kitunguu hata kimoja nyumbani,
tangu Alhamisi.

Baba akauliza jambo jingine, sikulisikia.
Shanga zikagongana.
Akasita, akausogeza mdomo karibu na simu
kama anayemnong'oneza mtu mwenye homa:
"Baba, hapa naitikia kwa kichwa.
Nakwambia kwa sababu huoni."

Upande wa pili kukawa kimya kirefu.
Na mtandao haukuwa umekatika.