Sekunde Kumi na Moja

Kazi yangu ni kusikiliza wakubwa wa makampuni wakijibu,
na kuwapa alama, kama mwalimu wa darasa la pili:
sifuri kwa aliyekwepa, tano kwa aliyenyoosha.
Mfuko wa pensheni wa Tampere hunilipa kwa hilo.
Daftari langu lina mistari ya kijani.
Saa yangu ina mshale wa sekunde.

Leo tuko ukumbini, kando ya maporomoko.
Theluji ya Machi imegeuka uji mweusi kizingitini.
Wanahisa wamevua makoti, wamepanga foleni ya kahawa
na maandazi ya iliki. Wengine, tusidanganyane,
wamefuata maandazi.

Raimo Voutilainen, mkurugenzi mtendaji, tai ya buluu,
anapanda jukwaani na chati zinazopanda pamoja naye.
Nimemsikia mara tisa. Najua anavyopumua.
Akiulizwa bei ya magogo, hujibu "mazingira ya soko".
Akiulizwa deni, hujibu "safari yetu".
Na akisema "swali zuri sana" natangulia kuandika sifuri,
maana sifa ile ni ya kununulia muda,
mafuta ya mgongo wa chupa.

Ndipo akasimama Irja Kettunen,
miaka sabini na kitu, sweta la kujifumia,
hisa arobaini, urithi wa mumewe, fundi
wa mashine namba tatu ya karatasi, kiwandani Haapakoski.
Hakusoma popote. Alishika kipaza sauti kama mwiko.
"Mashine namba tatu mtaifunga?
Ndiyo, hapana, au hamjui. Nina basi la saa tisa."

Ukumbi ukacheka. Raimo naye akacheka, kwa meno tu.
"Swali zuri sana," akasema,
akaenda zake: mkakati, uendelevu, watu wetu ndio nguzo,
tathmini pana ya uwezo wote wa uzalishaji,
dakika mbili na sekunde arobaini, nilihesabu,
maneno yakimwagika kama povu la bomba la kiwanda,
meupe, mengi, hayashikiki.

Irja hakukaa.
Wala hakuongeza neno. Kwetu kunyamaza si kukubali;
kunyamaza ni kiti unachomvutia mwenzio
akae, ajieleze.
Sekunde ya nne mtu akakohoa.
Ya saba Raimo akanywa maji.
Ya kumi na moja Saara Mustajoki, mkuu wa fedha,
ambaye jina lake halikuwa kwenye ratiba ya wasemaji,
akavuta kipaza sauti:

"Sijui kama tutaifunga. Najua inatutafuna
euro milioni moja na nusu kila mwezi.
Uamuzi ni Juni. Mimi nimeshauri ifungwe.
Samahani kwa kuchelewa kukuambia."

Irja akaitikia kwa kichwa, mara moja, akakaa.
Sikuona furaha usoni mwake.
Baadaye nilisikia ana mwana pale, zamu ya usiku.
Alifunga andazi kwenye karatasi, akalitia mkobani,
akaondoka kuwahi basi.

Nikaandika tano. Nikaizungushia duara.
Tano yangu ya kwanza katika miaka sita.

Soko halina daftari la mistari ya kijani.
Kabla kahawa haijapoa hisa zilishuka asilimia tisa,
na Raimo, aliyesema mengi pasipo kusema,
alikuwa mlangoni anapeana mikono;
Saara alisimama peke yake karibu na makoti.
Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa,
lakini mfichuaji naye hulipishwa kitanda.

Jioni bosi wangu, Heikki, akanipigia.
"Tulikuwa na hisa ngapi mle? Na wewe ulijua lini?"
Nikatazama dirisha, taa za barabara, theluji chafu.
Hesabu za mashine namba tatu nilizitilia shaka Januari;
niliziwekea alama ya kuuliza, kwa penseli,
hafifu, mahali ambapo hapana mtu angeiona.

"Swali zuri," nikasema,
kisha nikausikia mkononi mwangu
mshale wa sekunde ukitembea.