Kalenda Tatu

Ukutani mwa hoteli ya shangazi Tapkigen, pale Kiboswa,
zimening'inia kalenda tatu za mwaka mmoja:
moja ya chama cha maziwa, ya Wanandi wa juu,
moja ya kanisa la Wajaluo wa bondeni,
moja ya duka la mbolea la Watiriki wa ng'ambo.
Ukimuuliza tarehe
huzitazama zote tatu ndipo akujibu.

Sisi Waterik tu wachache.
Shuleni mwalimu alitupanga kwa safu, kila kabila na lake,
nikabaki nimesimama peke yangu karibu na mlango.
"Na wewe ni wa wapi?"
"Wa katikati."
Darasa likaangua kicheko. Shangazi, nilipomsimulia, hakucheka.
"Umejibu vyema. Ila siku nyingine
anza kwa tabasamu."

Chamgei, kwa anayeshuka.
Mulembe, kwa anayevuka.
Oyawore, kwa anayepanda kutoka Kisumu
na gunia la omena begani.
Kijiko cha sukari ni kimoja, kimefungwa uzi kwenye kopo,
asije akatokea mtu wa kusema
kikombe cha fulani kilikolea zaidi.

Ana daftari la matanga, jalada limelowa mafuta:
"Mamake Odindo: mia mbili, kuku, nililala.
Mzee Kiptalam: mia mbili, kuku, nililala.
Mke wa Lumadede: mia mbili, jogoo, mvua, sikulala."
Na pembeni, kwa wino mwekundu:
"Deni, usiku mmoja."

Halafu ule usiku wa Juni, ng'ombe walipopita.
Mluzi mfupi, kwato kwenye tope,
mbwa wetu akabweka mara moja, akanyamaza
kama aliyemtambua mtu.
Asubuhi hoteli ilijaa kabla maji hayajachemka,
huku na huku, rungu zimelazwa chini ya mabenchi.
"Tapkigen, nyumba yako iko njiani.
Walielekea wapi?"

Akamimina chai.
Sijapata kuona chai ikimiminwa polepole vile.
"Usiku una njia nyingi," akasema,
"mimi nina mlango mmoja, na nilikuwa nimeufunga.
Ila kama yupo anayejua alipo ndama wa mwenzake,
basi ajue pia kwamba bado ananyonya."
Kisha akauliza nani hajapata sukari.

Alfajiri ya tatu ng'ombe tisa walikutwa
wamefungwa nyuma ya kinu cha posho.
Aliyewaleta, hakuna. Aliyeuliza, hakuna.
Walikunywa chai benchi moja, wakamsifu,
wakaondoka, wawili kati yao bila kulipa.

Wa kumi hakurudi.
Wa kumi alikuwa wetu, yule mwekundu wa pembe iliyopinda,
aliyekuwa akisogea mwenyewe akisikia ndoo.
Walipokuwa wakimhoji shangazi asubuhi ile
zizi letu lilikuwa tupu
nyuma ya ukuta uleule wa kalenda.

"Mbona hukusema?"
Alikuwa akipekua majivu, akitafuta kaa lililo hai.
"Ningesema, ningekuwa na upande.
Chungu kikiegemea figa moja, mtoto wangu,
hata hilo figa halili."
"Na moto je?"
Akapuliza. Hakunijibu.

Baadaye nilifungua daftari kwa siri.
Ukurasa wa mwisho, wino mwekundu:
"Ng'ombe mmoja."
Mahali pa jina la mdaiwa
ameacha wazi, upana wa kidole.

Jioni hiyo redio ilitangaza habari za nchi ndogo, mbali huko,
imebanwa kati ya majirani wawili wasiosalimiana;
rais wake kala chakula cha mchana kwa huyu,
cha usiku kwa yule,
na wachambuzi wanabishana maana yake.
Shangazi aliacha kufuta meza.
"Hawajasema alishiba wapi?"
Hawakusema.
Akatikisa kichwa, akajitanda shuka,
akachukua tochi na kwenda kulala kwa Lumadede.