Tafsiri kwa Khala Mwanashee

Walitandika shuka ukutani
pale Mkomani, uani kwa marehemu Bwana Famau.
Mashine ikakohoa mara mbili, Ufaransa ikaingia
na mvua yake, na farasi wake, na matope,
na mke wa fundi saa dirishani
kama anayesubiri barua ambayo haijaandikwa.

Khala hasomi maandishi ya chini. Macho yana utando.
Kazi yangu ilikuwa sikio lake la kushoto.
"Wasemani?"
Nikamwambia imetokana na kitabu cha kale,
ila wamekilegeza sana:
kitabuni alikaa mjini, hapa wamempeleka shamba;
kitabuni ana binti, hapa wamempa paka.
"Basi ni kama buibui la kurithi," akasema,
"hupunguzwa, likavalika."

Mwanamke akanunua hariri kwa mkopo.
Akanunua glavu. Akanunua mapazia.
Mwenye duka akaandika, akatabasamu, akaandika.
"Daftari hilo nalijua,"
na mkono wa Khala ukapanda shingoni
palipokuwa na kidani kwenye picha ya harusi ya mama.
Hakuna aliyewahi kuniambia kilikwenda wapi.

Chupa niliiona mapema. Ndogo, ya samawati,
juu ya kabati, kamera ikiitazama mno.
Hapo ulimi wangu nao ukaanza kutunga.
"Yuwafanyani?"
Anakunywa maji, Khala.
"Na mumewe, mbona yuwalia?"
Furaha. Deni limelipwa.
Nyuma yetu vijana wawili wa Langoni,
wanaojua kusoma,
wakainamisha vichwa, hawakunisaliti.

Punda akalia kichochoroni
huku Wafaransa wakiimba kanisani.
Taa zikawashwa, shuka ikarudi kuwa shuka,
ina doa la chai pembeni.

Njiani, mkono wake begani kwangu,
mwingine ukihesabu milango kwa kupapasa njumu,
hakusema neno hadi kwa sonara.
Hapo akasimama.
"Mwongo wee.
Mtu hanywi maji watu wakanyamaza vile."
Nikaanza kuomba radhi, akanifinya.
"Mimi nami niliwahi kuishika chupa.
Kifuniko nimekwisha kukifungua.
Kisha nikaja hapa, usiku kama huu,
nikamgongea babake huyu, nikauza kidani.
Nikarudi nyumbani.
Nikanywa maji."

Akavuta pumzi, akapapasa mlango wetu.
"Haya, fungua. Ufunguo unao wewe."