Mnyororo wa Pili

Kaka yangu Eino amekula chumvi nyingi,
ingawa ziwa letu halina chumvi.
Miaka arubaini alijaza madini ya chuma
katika matumbo ya meli, gatini Duluth,
mpaka magoti yakaja kudai riba.

Sasa ana baiskeli ya magurudumu matatu,
nyekundu, kikapu nyuma kama cha mwuza mikate,
na mji huu umejengwa ukutani:
ziwa chini, nyumba juu,
kati yake barabara zilizosimama kama ngazi.
Kushuka, anashuka akipiga mluzi.
Kupanda, utamkuta kando ya duka la rangi la Sorensen,
ameshika breki, anajifanya anatazama maji.

"Tia mota," nilimwambia.
"Mota ni ya mtu aliyekwisha kuuza miguu yake."
Akafunga mlango, na mazungumzo.

Mimi ni Aune. Nilishona makoti kiwandani miaka thelathini,
cherehani za umeme, mikanda na puli.
Najua namna ya kuitoa nguvu pale ilipo
hadi pale inapotakiwa
bila kuimwaga njiani.

Februari walipomlaza kwa ajili ya kifua
niliiburura baiskeli gerejini, nikaipindua kichwa chini,
nikaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia:
magurudumu ya nyuma ni mawili,
lakini mnyororo unaendesha moja.
La kushoto linabeba kazi.
La kulia linafuata tu, limestarehe kwenye beringi zake
kama mgeni anayesifu chakula na haoshi sahani.
Nilicheka peke yangu. Niliwahi kuolewa na gurudumu la kulia.

Basi nikampa mvivu kazi.
Mota chini ya kikapu, kadiri ya kopo la kahawa,
inazunguka kwa kasi ya wazimu;
kwa hiyo meno tisa yakavuta meno arubaini na manne,
halafu ekseli ya katikati,
halafu mnyororo wa pili, na gia ya kuachia,
mpaka wazimu wote ule ukageuka subira.

Mara ya kwanza nilipima vibaya,
mnyororo ukaruka, ukanichana kidole gumba.
Mara ya pili boliti ilikatika saa nane za usiku
nikatukana kwa Kifini cha bibi,
lugha niliyodhani tuliizika naye.

Mara ya tatu.

Betri nikaificha katika sanduku lake la ndoana.
Swichi ya mkono sikuweka.
Sumaku tu kwenye pedali: ukikanyaga, inaamka,
ukiacha, inalala.
Na ampea nikazibana, chache kabisa,
za kumshika kiwiko
kama unavyomvusha mtu barabara asiyependa kuvushwa.

Alirudi theluji ikiwa tope.
Nilisimama dirishani na kisu na kiazi.
Akafika kwa Sorensen. Akapita kwa Sorensen.
Akaingia jikoni, uso mwekundu kuliko fremu.
"Miguu imerudi," akasema.
"Imerudi," nikasema, nikamenya kiazi kile kile
mpaka kikabaki kama kokwa.

Aprili tuliishi hivyo, yeye na miguu yake,
mimi na uongo wangu wa volti thelathini na sita,
kila usiku nikitoka na ndara kwenda kuchaji.

Jumapili moja alimaliza kahawa,
akavaa kofia, akasimama mlangoni kunipa mgongo,
mtu huyu aliyesikiliza mashine maisha yake yote
na kujua inayoumwa kabla haijaanza kulia.

"Aune," akasema,
"ule mnyororo wa pili umelegea nusu inchi. Ukaze.
Na usitoke tena na ndara, nje kuna barafu.
Leo nitachaji mwenyewe."