Fomu ya Tathmini, Wodi ya Pili

Fomu imeletwa saa nane za usiku.
Nje, milima ya Ibra bado inatema joto la mchana,
ndani, kiyoyozi kinakohoa kuliko wagonjwa.
Maswali ishirini. Weka alama, moja hadi tano.

Je, mazingira ya kazi yanakuridhisha?
Kiti changu hakina gurudumu moja tangu Ramadhani,
nakaa upande kama bi harusi juu ya punda.
Tatu.

Je, una vifaa vya kutosha?
Mashine ya presha tunaazimana na wodi ya kwanza,
inakwenda na kurudi kama sufuria ya jirani.
Mbili. Nafuta.
Tatu, nisije nikaitwa mlalamishi.

Je, unashirikiana vyema na wenzako?
Hapa nasita. Juzi mwanangu alipochemka homa
Lijimol wa Kerala alinishikia zamu,
naye ndiyo kwanza anatoka ya kwake,
miguu imevimba, viatu kavishika mkononi.
Hakuna sita kwenye fomu.
Naandika tano, naizungushia duara.

Je, msimamizi wako anathamini juhudi zako?
Mwezi wa tatu niliwahi kuona
midomo ya yule kijana wa ajali ya njia ya Sur
ikibadilika rangi.
"Umefanya vyema, Raya," alisema, mbele ya watu.
Maneno matatu. Nimeyala wiki nzima,
kidogo kidogo, kama halwa iliyofichwa kabatini.
Tangu hapo, kimya.

Kengele. Kitanda cha saba.
Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete,
ambaye Kiarabu humkimbia maumivu yakija:
"Mwanangu, n'geuze. Ubavu waniwaka."
Namgeuza, namwekea mto, nampaka mafuta mgongoni.
Ananishika kidole, hakiachii.
"Mikono yakutetema. Umekula?"

Hilo ni swali la ishirini na moja.

Nasema nimekula. Hadanganyiki.
Chini ya mto anachomoa leso,
na ndani ya leso tende tatu zilizogandana
ambazo daktari wake wa sukari hana habari nazo.
Nazitafuna nimesimama, kokwa natia mfukoni.

Alfajiri fomu ina doa la tende
juu ya swali la mwisho:
Nini kitakusaidia kufanya kazi vizuri zaidi?
Wameacha mistari miwili tu.

Kiti kitengenezwe.
Na Lijimol apewe siku mbili, alale.