Kipande Kisicholia

Ukikanyaga ufuko wetu, tena ukiburuza kisigino kidogo,
mchanga unapata kwikwi.
Kwi. Kwi. Kwi.
Kama mtoto aliyekwisha kubembelezwa
ila kifua chake bado hakijasadiki.

Ni upande wa Japani unaoitazama Korea.
Theluji hapa huangukia povu.
Wageni wanakuja na viatu mkononi, wanacheka, wanarudia hatua,
wanauliza: kuna nini chini?
Hakuna kitu chini. Ni punje kwa punje,
ngumu, nyeupe, zimesuguana tangu hakuna mtu wa kuzisikia,
na sharti lao ni moja: usafi.
Vumbi kidogo tu, mafuta ya kiganja, jivu,
zinafunga mdomo.

Ndiyo maana mama yangu, Hisae,
mbanduaji magamba ya kaa kiwandani miaka ishirini na sita,
kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi yuko ufukweni
na chekeche la unga na ndoo ya bluu.
Mchanga, husema, ni mchanga kweli:
usipouogesha unanuna.
Bwana Morisada, aliyekuwa tarishi wa posta,
huujaza kwenye bakuli, huubonyeza kwa mchi mdogo, husikiliza.
Bubu? Suuza tena.
Mara ya ishirini. Mara ya thelathini,
mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

Baba yangu, Kansuke, alikuwa dereva wa lori la saruji.
Jioni alikaa kwenye mzizi wa msonobari, akavuta sigara,
akawasha ya pili kwa ya kwanza.
"Bahari yote hii," alisema, "na majivu yangu haya?"
Miaka ikapita. Mbele ya mzizi,
mahali penye ukubwa wa mkeka,
mchanga ukaacha kulia.

"Umeunyamazisha!" mama alimfokea.
"Na wewe," baba akajibu, "nani atakunyamazisha?"
Akacheka, akakohoa,
akakohoa kuliko alivyocheka.

Tulimzika Februari.

Aprili wakaja na ndoo zao, watu kumi na wanne,
wakaufikia msonobari.
Mama alikuwa amekaa pale pale, soksi mfukoni,
kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua limechelewa.
Hakusema kitu.
Bwana Morisada akavua kofia, akaitazama, akaivaa.
"Leo tuanzie kule," akasema.

Basi ufuko wetu una pengo.
Naupita nikitoka kazini:
kwi, kwi, kwi, kwi,
kimya,
kimya,
kimya,
kwi.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hiki hakina. Nimekiinamia kwa sikio.
Ni kimya tu, upana wa mtu aliyenyoosha miguu.

Lakini upepo hauna habari na matanga ya mtu.
Unaleta punje safi, unazimwaga usiku,
mawimbi ya Desemba yanapanda hadi mzizini, yanasuuza,
hayachoki, hayahesabu mara.
Mwaka wa pili kimya kilikuwa hatua mbili.
Mwaka wa tatu, moja na nusu.

Juzi nilichelewa, giza limeshaingia.
Chini ya msonobari niliona nukta nyekundu.
Ilipanda, ikashuka,
halafu kikohozi, kile cha mtu
asiyejua moshi unapitia wapi.
Mama yangu, mwanamke wa chekeche,
alishika sigara kwa vidole viwili kama anavyoshika mkia wa samaki,
akaigonga taratibu, akaisogeza,
akaigonga,
akifuata ukingo wa mkeka usioonekana.

Nilirudi nyuma nikinyanyua miguu juu juu.
Mchanga ulinisema kila hatua.

Jumapili, saa kumi na mbili, yuko kazini.
Kijana mmoja mgeni ametoa kiberiti.
"Soma ubao!" mama anamwambia, chekeche kiunoni.
"Hapa hatuangushi hata jivu."